Aproni Nje ya Picha

Jumamosi, 24 Februari

Sikukuu ya Taa. Sherehe za mwaka mpya wa Kichina zimefungwa rasmi. Chama cha Feiyun, cha Wachina wa hapa Prato, Italia, kiliandaa mambo mawili asubuhi moja: mchezo wa simba, vijana ndani ya vazi la simba, halafu maelezo ya afya ya watoto. Daktari wa watoto, Mtaliano, jina lake Bertelli — mama mrefu, amekuja na viatu vya mvua. Mkalimani mimi. Mwandishi mimi. Mpiga picha mimi. Gazeti letu halina mtu mwingine.

Picha ya pamoja tuliipiga mwanzoni, kama kawaida. Wageni wa heshima huondoka mapema. Ukisubiri mwisho utapiga picha ya viti. Mwenyekiti Zhuo alisimama katikati, bango jekundu juu ya vichwa, daktari kulia kwake. Safu ya mbele alikuwapo mwanamke wa karakana ya kushona nguo. Aproni ya bluu, nyuzi kwenye nywele, mtoto amefungwa kifuani. Mwenyekiti alinitazama tu, nami nikaelewa.

Nikamwambia, "Dada, hiyo aproni itaharibu picha. Subiri nje kidogo."

Akasema ana jambo moja tu la kumuuliza daktari. Nikamjibu kwamba maswali ni mwishoni. Akatoka akasimama mlangoni, upande wa korido.

Picha. Ngoma na simba. Hotuba, hotuba, hotuba. Daktari akaeleza vizuri, kwa ufupi, nami nikatafsiri. Zamu ya maswali ilipofika, Mwenyekiti akaninong'oneza kwamba chakula kinapoa. Wakauliza wake wa viongozi: vitamini, maziwa ya kopo, mtoto arefuke vipi. Basi. Yule wa aproni sikumwona tena. Sikumtafuta pia.

Taarifa nimeshaituma: "Ukumbi ulifurika wazazi, na maswali yao yote yalijibiwa." Nikala vidonge vya unga wa mchele vilivyojazwa ufuta, bakuli zima. Nikalala mchana.

Jumapili, 25 Februari

Mwenyekiti amepiga simu kusifu picha. Safi, anasema. Ya heshima. Watu wa nyumbani Rui'an, China, wameiona na wamefurahi.

Jioni nikapanga picha zilizobaki. Za mchezo wa simba nilipiga mfululizo, kidole hakikuachia kitufe. Ngoma ile kubwa ilikuwa karibu na mlango. Kwenye picha ya kwanza mpiga ngoma ameinua fimbo. Kwenye ya pili fimbo imeshuka, na watoto wote wa ukumbini wamefanya kama watoto wanavyofanya: huyu ameziba masikio, yule amejificha kwenye sketi ya mama yake, mwingine analia mdomo wazi. Hata Mwenyekiti amefumba macho.

Mlangoni yupo yule mwanamke wa aproni. Mtoto yuko kifuani, macho wazi, anaangalia taa ya karatasi juu. Ngoma iko nyuma yake, karibu kiasi kwamba mpigaji angeweza kumgusa kwa fimbo. Picha ya tatu, ya nne, ya tano. Mtoto anaangalia taa.

Mama haangalii taa. Anamwangalia mtoto.

Nimepiga picha ngoma hii kila mwaka tangu nije Prato. Sijawahi kuona mtoto wa namna hiyo. Huenda si kitu. Mimi si daktari. Lakini alisema ana jambo moja tu — na alisema neno jingine baada ya hapo, na silikumbuki. Kazi yangu ni kukumbuka watu wanachosema. Nilikuwa narekebisha lenzi.

Jumatatu, 26 Februari

Ukitaka kumjua mtu wa karakana, muulize anayemlisha. Shangazi Ye anapita na gari lake kila asubuhi Via Pistoiese na mitaa ya viwanda, akiuza maziwa ya soya na madonge ya wali yenye mkate wa kukaanga ndani. Nikamwonyesha picha kwenye kamera. Akafuta vidole kwanza.

Anaitwa Ailian. Anashona kola za makoti kwa bosi Hu. Mtoto ana mwaka na miezi kidogo, na karakana nzima inamwonea wivu mama yake. Hulala kwenye boksi la vitambaa chini ya cherehani ya ovaloki, mashine zinanguruma, hata hageuki. Wanawake wengine watoto wao wanapiga kelele mpaka bosi anatukana. Huyu hapana. Wanamwita Jiwe.

"Baba yake ndiye kampa jina hilo," Shangazi Ye akasema. "Si huyu hapa? Qiu, mwenye ngoma."

Nikatazama tena. Mpiga ngoma. Mkono umeinuliwa, anacheka, amegeuka kidogo kuelekea mlangoni. Anamchekea mwanawe. Kote anajisifu, anasema Shangazi Ye: mtoto wa mpiga ngoma haogopi ngoma.

Halafu akaongeza, akinipa chenji, kana kwamba ni habari ya hali ya hewa: Jumamosi Jiwe anakwenda Rui'an kwa bibi yake. Bi Jin, jirani yao, anasafiri, atambeba kwenye ndege. Atarudi akifika umri wa shule.

Hakuna la ajabu. Nusu ya watoto wa hapa wamelelewa hivyo. Wa kwangu pia.

Nikanunua donge la pili ambalo sikulitaka.

Jumanne, 27 Februari

Sikwenda karakana. Nilikuwa na mkutano wa wenye maduka kuhusu taka. Ungeweza kuisha mapema. Niliuliza maswali mengi.

Jumatano, 28 Februari

Nimekwenda.

Bosi Hu alidhani nimeleta habari za wakaguzi. Akanikalisha karibu na pasi na kuniambia kwamba milango ya dharura yote inafunguka, nikitaka nijaribu. Nikamwambia nimekuja kumwona Ailian, jambo la familia. Akasema dakika tano, na mashine isizimwe.

Wanawake walishanijua. Mmoja, mnene, shanga kwenye miwani, akapaza sauti juu ya kelele: "Mwandishi Tong leo anatafuta nini? Au sasa aproni zinapendeza?"

Wakacheka safu nzima. Mwingine akasema wangejua ninakuja wangevaa hariri. Ailian hakucheka wala hakunitetea. Aliendelea kupitisha kola chini ya sindano. Ningetaka anitukane.

Jiwe alikuwa kwenye boksi lake, ameamka, anatafuna utepe wa kupimia. Mtoto mzuri, mashavu mekundu.

Nikamuuliza alichotaka kumwambia daktari. Alisimulia bila kuinua kichwa. Novemba mtoto alipata homa kali, wakalazwa hospitali, akapona. Tangu hapo haitiki. Zamani alikuwa akisema "ma" na "ba"; sasa hasemi. Amempigia makofi nyuma ya kichwa, ameangusha sufuria. Mume anasema mtoto ni jasiri. Mama mkwe, kwenye simu, anasema mtoto mtulivu ni baraka na mwenye kuita maradhi hupata maradhi. Kisha mwaka mpya ukaingia, na siku hizo nani anatamka neno baya nyumbani? Akangoja Sikukuu ya Taa ipite. Akaona tangazo letu kwenye gazeti: daktari, bure, na mkalimani.

Tangazo nililiandika mimi.

Nikamuuliza kwa nini hakusubiri mpaka mwisho. Akasema alisubiri. Hotuba zikawa nyingi, bosi akampigia simu.

Hapo ndipo alipoiacha mashine, mara moja tu.

"Nilitaka niulize palepale, Qiu akiwepo na watu wote wanasikia. Daktari angejibu, wewe ungetafsiri. Asingeweza kusema nimezua."

Nikasema samahani. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea mzigo uliokosewa anuani, akarudi kwenye kola.

Alhamisi, 29 Februari

Nimempigia Daktari Bertelli. Nikamweleza homa, makofi, sufuria, ngoma. Akasema baada ya homa ya namna hiyo, kama masikio yameguswa, hakuna kungoja. Kuna linalowezekana sasa na lisilowezekana baadaye. Miaka minne kwa bibi ni kuchelewa. Miezi minne pia inaweza kuwa kuchelewa. Jumamosi asubuhi ana zamu, na mpimaji wa masikio yupo. Waje bila miadi. Baba akija ni bora zaidi.

Kisha akauliza: huyu mama si alikuwa ukumbini? Anadhani alimwona. Mbona hakuuliza?

Nikasema muda ulikwisha.

Nimedanganya tena. Naandika hapa kwa sababu gazetini haitaingia.

Jioni nimempelekea Ailian ujumbe wenye saa na anuani. Akajibu: "Mwambie yeye."

Ijumaa, 1 Machi

Kikundi cha simba hufanya mazoezi Ijumaa uani nyuma ya chama. Nilifika na kamera, Qiu akanipokea vizuri sana. Alidhani nataka picha zaidi. Akakunja mikono ya shati.

Nikamwambia nilichokuja kusema. Tabasamu likaondoka polepole.

"Mwandishi," akasema, "siku hizi gazeti halina habari mpaka mje kutafuta vilema kwa watu?"

Vijana waliovaa miguu ya simba wakatazama chini. Nikamwonyesha zile picha kwenye kioo cha kamera, moja baada ya nyingine. Ya kwanza aliipenda. Akasema ona anavyotulia, huyu alianza kusikia ngoma yangu tumboni. Ya pili akaitazama zaidi. Ya tatu akaniambia nirudishe ya pili. Watoto wote wakiziba masikio. Wa kwake na taa.

Ailian alikuwa ameingia uani, sikumwita mimi. Hakubishana. Alimweka mtoto chini, uso ukutani, akampa kifuniko cha chupa achezee. Akarudi nyuma mbali naye.

"Piga," akamwambia mumewe.

Akapiga. Si kwa fimbo moja, kwa mbili, kwa nguvu ya sikukuu. Mbwa wa karakana ya jirani akabweka. Dirisha la juu likafunguliwa, mtu akalaani. Mtoto aliendelea kukizungusha kifuniko.

Akapiga tena.

Akasimamisha ngozi ya ngoma kwa kiganja. Akaenda taratibu, akachuchumaa nyuma ya mwanawe, akamshika bega. Jiwe akageuka, akamwona baba yake, akacheka kwa furaha kabisa.

Sikupiga picha. Hili si la kujisifu; siku zote hizi kamera ndiyo iliyonena, mimi nilikuwa nimeishika tu.

Qiu akasema, bila kunitazama, kwamba Bi Jin anaondoka kesho saa tisa alasiri na tikiti haibadilishwi. Hakusema watakuja. Hakusema hawatakuja.

Jumamosi, 2 Machi

Kliniki. Naandika koridoni, daftari juu ya goti.

Wamekuja. Wote watatu, na sanduku. Dogo, jekundu, lebo ya safari ya ndege imeshafungwa kwenye mshikio. Qiu amevaa koti la harusi. Ailian amenyoa nywele za mtoto juu ya masikio, labda ili daktari aone vizuri. Hakuvaa aproni. Niliangalia, nikaona haya kwamba niliangalia.

Nilikuwa nimejiandaa kutafsiri. Usiku nilitafuta maneno, yale magumu, kwa lugha zote mbili. Daktari akafungua mlango, nikasimama nao. Kumbe kliniki ina mkalimani wake, msichana wa asili ya Wenzhou, kwetu China, aliyezaliwa hapahapa, sauti ya upole. Nikamtazama Ailian, nikingoja aseme nami niingie.

Akanikabidhi mkoba wake na mshikio wa sanduku.

"Dada, subiri nje kidogo," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Pengine hakumbuki kwamba maneno ni yaleyale. Pengine anakumbuka.

Mlango ukafungwa. Nimekaa.

Mwenyekiti Zhuo ametuma ujumbe: mwezi ujao chama kitaleta daktari wa macho, niandae tangazo, na safari hii watu waambiwe mapema wavae vizuri. Nimeandika jibu. Nimelifuta. Nimeandika jingine: picha ipigwe mwisho, maswali yaanze. Sijalituma bado. Nalitazama.

Simu inalia kwenye mkoba wa Ailian. Jina kwenye kioo: Bi Jin. Ikakatika. Inalia tena. Atakuwa njiani kwenda uwanjani, anauliza mtoto yuko wapi. Siwezi kupokea, nitasema nini, na kwa niaba ya nani? Muuguzi amenigeukia. Nimeufunga mkoba chini ya kwapa, bado unatetemeka.

Ndani kumenyamaza muda mrefu. Sasa wanagonga kitu. Kengele, nadhani, au chuma kwa chuma. Kidogo. Kimya. Kwa nguvu zaidi. Kimya.

Mlango ni mnene, na mimi niko mwisho wa benchi. Kila pigo nalisikia vizuri kabisa.