Wimbo wa Povu Una Mwenyewe

Mshauri mpendwa, nakuomba uniokoe kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo meneja wetu anataka nitie sahihi karatasi nisiyoipenda. Mimi ni mwandishi wa matangazo katika kiwanda cha sabuni, huu ni mwaka wangu wa sita, na mwaka jana nilitoa wimbo wa sabuni ya watoto ambao umependwa mno, ukipita mtaani utawasikia wakiuimba hata wale wanaokimbia kuoga, "Povu panda, povu shuka, sikio la kushoto mbona limesahauliwa," na sasa kiwanda kinataka kuufanya kitabu cha picha na mwanasesere, karatasi inasema nimeutunga mimi na haki zote ni za kiwanda, lakini kwenye kitabu jina langu halimo, na nilipouliza meneja akaniambia, "Bwana Povu, umeajiriwa kutunga, ulichotunga ni cha kiwanda, au mwokaji naye aandike jina lake kwenye kila mkate?" ofisi nzima ikaangua kicheko, hata mhasibu ambaye huwa hacheki.

Lakini nina hoja, mshauri: wimbo huu haukupatikana ofisini, ulipatikana nyumbani kwangu, Jumapili, mbele ya beseni, na shahidi ninaye, ni mama mkwe wangu anayeishi nasi, alikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho kwa sababu ndiye aliyekuwa akimwogesha mjukuu wake na kumwimbia, mimi nimekaa pembeni nayaandika maneno yake nyuma ya bahasha, na kazi yangu haikuwa ndogo, yeye alisema sikio la kulia, mimi nikaweka la kushoto. Hata leo tangazo likipita redioni mama husema, "Mwanangu, watu hawa wameniharibia sikio," nami hujifanya sikusikia. Je, nikimpeleka akathibitisha kwamba wimbo ulizaliwa nyumbani, si watalazimika kuandika jina langu?

Ni mimi, Niliyeporwa Wimbo.

Ndugu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa miwani, nikitafuta mahali ulipoporwa. Sikupaona. Nilichokiona ni bibi mwenye povu mikononi, na mkwe aliyekaa pembeni na bahasha.

Nakupa pole kwa kile kicheko. Meneja hakupaswa kukudhihaki mbele ya wenzako. Hata hivyo, kuhusu kazi zako mwenyewe hakukosea sana. Kazi unayoitunga kwa sababu umeajiriwa kuitunga kwa kawaida huwa mali ya mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine, na kuitungia nyumbani siku ya Jumapili pekee hakutoshi kuifanya iwe yako. Mkataba wako umewahi kuusoma? Nadhani uliutia sahihi huku ukiitazama meza yako mpya.

Lakini mama mkwe wako hakuajiriwa na kiwanda. Wimbo ni wake. Wewe hukuwa nao, kwa hiyo hukuweza kumpa mtu. Na sasa unataka akushuhudie kwamba mtunzi ni wewe! Huoni haya? Alikwisha kukupa binti; na wimbo pia?

Karatasi hiyo usiitie sahihi, kwa sababu inasema uongo. Kesho umweleze meneja mtunzi ni nani. Akikukaripia, vumilia; umestahili. Kisha mtafute mwanasheria anayejua haki za watunzi, aandike makubaliano kwa jina la mama. Yeye ndiye atakayesema kama anakitaka kitabu na mwanasesere, na sikio libaki upande gani.

Kabla ya hayo yote, leo ukirudi nyumbani, nenda kwake mwenyewe. Usimtume mkeo. Akikuuliza kwa nini ulinyamaza mwaka mzima, usimtafutie maneno matamu. Hiyo ndiyo kazi yako, naye anakujua. Sema, "Nisamehe, mama," kisha ufunge mdomo.