Safari ya Kipese na Maji Tumboni

Jumatatu, tarehe 7, mwezi wa kumi
Maji ya asubuhi imeingia. Baba Kasereka alifunga dirisha, akavaa maski, akanawa mikono hadi viwiko, akatundika mufuko wa maji. Mume wangu huyu, zamani hakuosha hata sahani. Figo zangu zimekufa. Hii maji ya dawa inapita kwa mupira ulio tumboni, inakaa, kisha inatoka na uchafu. Mara ine kila siku. Tumbo limejaa kama la mimba. Na uzee huu.
Makartoni ya mifuko imejaza salon. Wageni hawana pa kukaa. Donc, basi, hawaji.

Jumanne, tarehe 8
Mvua. Sikutoka. Nilipouza maharagi sokoni nilijua habari za mutaa wa Mususa muzima. Leo najua tu rangi ya maji iliyotoka. Nimechoka na chumba hiki.

Jumatano, tarehe 9
Simu kutoka Kipese, kijiji nilipozaliwa. Paluku, kaka yangu mukubwa, amefariki. Yeye ndiye alinibeba mugongoni kuvuka muto tukienda masomo. Wanazika Ijumaa. Baba Kasereka akasema ataenda yeye, mimi nibaki na jirani. Barabara ni matope na askari, na muganga wa hospitali alikataza kubadilisha maji pahali pachafu. Yote ni kweli. Nimewachukia wote wawili.

Alhamisi, tarehe 10
Sikula. Nilifunga mifuko ndani ya kitenge, na sabuni, na maski. Baba Kasereka akaiona. Alikaa kitandani, akasema:
“Mama Kasereka, ukienda unaweza kufa.”
“Na mu hii chumba, niko naishi?”
Akatoka. Nilifikiri amekasirika. Alirudi na nyundo na musumari, akaviweka juu ya mifuko.

Ijumaa, tarehe 11
Kipese. Tulikuja kwa moto, pikipiki ya kukodi, dereva mbele, sisi wawili nyuma, matope hadi magoti. Mujane wa Paluku alitupa chumba cha viazi. Baba Kasereka alifagia, akaosha ukuta, akagonga musumari wa kutundikia mufuko. Wamama waliimba nje wakati maji inaingia. Kisha nikatoka. Niliona uso wa kaka yangu kabla wafunge sanduku. Nilitupa udongo. Batu walinishika mikono, hakuna aliyeniogopa. Nililia kwa sauti. Nyumbani nalia kimya, Baba Kasereka asisikie.

Jumapili, tarehe 13
Tulirudi jana. Tumbo linauma kidogo. Nimenyamaza.

Jumatatu, tarehe 14
Maji imetoka na ukungu, kama iliyooshewa muchele. Homa. Baba Kasereka aliangalia mufuko, kisha mimi. Hakusema alinionya. Afadhali angesema.
Hospitali. Microbe, kidudu cha uchafu, imeingia tumboni. Muganga, kijana sana, alinigombeza kama mutoto. Dawa isiposhinda, watatoa mupira. Mashini ya kusafisha damu iko mbali, na njia ya kule imefungwa. Naogopa.

Alhamisi, tarehe 17
Bado homa. Baba Kasereka analala kwenye kiti, shingo imepinda. Amekonda kuliko mimi. Zamani kila Jumapili alikuwa kwa rafiki zake, wanacheza karata. Tangu mupira huu, hapana hata mara moja. Hakuna aliyemufunga, mais hatoki.

Jumamosi, tarehe 19
Homa imeshuka. Sijui kama niamini.

Jumatano, tarehe 23
Tumerudi nyumbani. Mupira umebaki. Maji imekuwa safi. Chumba ni kile kile, harufu ya sabuni ni ile ile. Nimemuomba Baba Kasereka aende kwa rafiki zake Jumapili, kati ya maji moja na ingine. Alisema ataona.
Muganga aliniuliza kama nimejuta. Nikasema ndiyo, docteur. Nilimudanganya. Ningeenda tena.
Nje kuna jua. Batoto wa jirani wanacheza. Nawasikia tu. Maji imeingia, nangoja itoke.