Umri wa Kukisia kwa Macho

Jumatano, 5 Juni 1974

Watoto sitini na kitu leo. Mizani inaning'inia kwenye boriti ya baraza ya zahanati, kisuruali cha turubai cha kupimia kinanuka mkojo mpaka mikono yangu inanuka. Sista Gaudensia anasoma kilo, mimi karani naandika. Jina, kilo, miezi. Jina, kilo, miezi. Saa saba foleni bado inafika barabarani. Arafa, mtoto wa jirani yangu Mastula, kilo saba. Nikaandika miezi tisa. Nukta ikakaa juu kidogo ya mstari wa wembamba kwenye kadi. Vizuri. Anayefuata.

Neema wangu amenyonya mpaka nikasinzia nimekaa. Ana mwaka na nusu, ni wakati wa kumwachisha. Sina nguvu ya kile kilio.

Jumamosi, 8 Juni

Mastula ameniachia Arafa, yeye kaenda sokoni. Tangu tuhamie Koboko mwezi wa pili kutoka Aru, ng'ambo ya mpaka, ni yeye tu anayenipigia hodi. Nimemweka mtoto mkekani pamoja na Neema. Mara akasema anataka maji. Kwa Kinubi, maneno mazima. Mtoto wa miezi tisa! Nikafungua mdomo wake. Meno ya nyuma yapo.

Mastula aliporudi nikamwuliza. Akacheka mpaka kapu likamponyoka.

"Mama Neema, weye ni karani gani? Jina yake si Arafa? Alizaliwa siku ya Arafa ya mwaka jana, watu iko nafunga, mimi iko nasukuma. Weye naandikaga nini pale?"

Mimi sikucheka. Nimehesabu kwa vidole. Miezi kumi na saba. Neema anamzidi wiki tatu au nne tu. Neema anafukuza kuku uani. Arafa hajasimama bado.

Jumapili, 9 Juni

Sikusikia neno la mahubiri. Nilikuwa nahesabu.

Karani aliyenitangulia alinifundisha hivi: mama akisema hajui, usipoteze wakati, mtazame mtoto. Akiwa mdogo, andika miezi michache. Nami nikafanya hivyo. Basi kila mtoto aliyedumaa nimemfanya mchanga, na kwa umri huo wa uongo kilo zake zinatosha. Hakuna anayeonekana mwembamba. Mwisho wa mwezi karatasi inaenda ofisi ya afya Arua: wembamba watatu. Mwezi mwingine: wawili. Na maziwa ya unga huletwa kwa hesabu ya wembamba.

Neema najua siku yake na saa yake, kalenda ya misheni ilikuwa ukutani mbele ya macho yangu. Hawa wengine nimewakisia. Naona aibu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwambia Sista. Amefunga daftari polepole, akaenda kuchungulia dirishani, akarudi.

"Unataka Arua wasome kwamba Koboko iko na njaa? Koboko? Unajua hapa ni kwao nani?"

Najua. Kila mtu anajua: ni kwao Rais mwenyewe. Mtunza ghala mmoja alisema kwa sauti dukani kwamba sukari imekwisha. Gari likaja kumchukua. Mkewe bado anazunguka akiuliza.

Nikaomba maziwa ya Arafa. Sista akasema ule unga umekwisha tangu wiki iliyopita. Tutaletewa ya wale watoto wawili tu walioandikwa.

Simchukii Sista. Anaogopa, na mimi naogopa. Lakini nina hasira.

Jumatano, 12 Juni

Leo nimeuliza.

Nyuma ya kalenda niliandika mambo ambayo kila mama anayakumbuka. Arafa. Ramadhani. Noeli. Kupanda ulezi. Kuvuna simsim. Wahindi walipofunga maduka. Halafu mmoja mmoja: ulikuwa na mimba wakati huo, au mtoto alikuwa mgongoni? Alikuwa anakaa? Foleni haikusonga. Kina mama wakaanza kusonya. Bibi mmoja aliyeleta mjukuu akapaza sauti:

"Huyu nataka kuoa mtoto yangu? Maswali mingi kama ya posa! Leta mbuzi kwanza!"

Baraza zima likacheka. Hata Sista. Lakini baada ya hapo walianza kusaidiana. "Weye si ulijifungua wakati mimi naanua simsim?" Kumbe wanajua. Hatukuwahi kuwauliza vizuri.

Tumepima nusu tu ya watoto. Wembamba ni ishirini na wawili. Sista ameiona hesabu.

Arafa kilo sita na nusu. Nikambonyeza mguu. Alama ya kidole ikabaki, ameanza kuvimba.

Ijumaa, 14 Juni

Arafa hataki muhogo, hataki uji wa maji mtupu. Mastula ana mimba ya miezi mitano, ziwa limekauka. Ametoka msikitini kaja kwangu moja kwa moja, kakaa chini, hakusema utani wowote. Hilo ndilo lililonitisha.

Nikamwambia, mlete. Nikampa ziwa langu. Alinyonya kwa uchovu, akipumzika kila baada ya kidogo, macho wazi. Neema akapiga kelele, akanivuta kitenge, akanipiga. Nikamsukuma, nikamwambia hapana, ngoja zamu yako. Akalia mlangoni. Moyo ukaniuma, sikumwita.

Mastula alisema, "Basi sasa ni dada yake. Kwetu hiyo ni udugu kabisa." Tulilia kidogo wote wawili.

Maziwa yangu hayatoshi wawili. Na walioko kwenye daftari ni ishirini na wawili.

Jumapili, 16 Juni

Petro, mume wangu, kasafiri na lori tangu juzi. Bora. Angekuwepo angenizuia nisiandike ninachotaka kuandika kesho, na angekuwa na haki.

Jumatatu, 17 Juni

Sikungoja mwisho wa mwezi. Kwenye karatasi ya Arua nimeandika hesabu ya kweli, na chini yake kwa mkono wangu: Umri wa miezi iliyopita ulikisiwa kwa macho. Makosa ni ya karani, si ya Sista. Sasa mama wote wanaulizwa. Jina langu zima. Sahihi.

Sista kasoma mara mbili. "Mama Neema, una wazimu." Akatia sahihi yake juu ya yangu. Hajaniangalia tena siku nzima.

Jumanne, 18 Juni

Arua. Nimeipeleka mwenyewe, Neema mgongoni, Arafa kabaki na mamake. Vumbi mpaka kooni. Ofisini nimekaa kwenye benchi tangu saa tatu mpaka saa tisa. Hatimaye bwana mmoja akasoma, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala.

"Ndiwe karani?"

Ndimi. Akapiga muhuri, akasema nenda. Hakuna zaidi. Kila gari nililolisikia nyuma yangu, nilitoka barabarani nikageuka kulitazama.

Jumamosi, 22 Juni

Hakuna jibu. Nanyonyesha wawili. Kizunguzungu. Petro amerudi, nimemwambia yote. Hakugomba. Alikwenda kununua karanga, akazitwanga mwenyewe, akaniwekea mbele.

Miguu ya Arafa imevimba mpaka magotini.

Alhamisi, 27 Juni

Gari limesimama mbele ya zahanati. Mimi na Sista tulishikana mikono bila kujua. Kumbe ni maziwa. Magunia manne!

Na barua. Karani aondolewe kwenye daftari kwa uzembe. Sista akaisoma taratibu, kisha akasema atanihitaji jikoni, maziwa hayajikorogi. Basi. Nimekubali. Kalamu niliipenda, sitadanganya.

Kikombe cha kwanza nimempa Arafa. Ametapika. Kikombe cha pili, kijiko kwa kijiko, kimekaa.

Jumatano, 3 Julai

Arafa kilo sita kamili. Mastula akashtuka, mbona zimepungua? Sista akamweleza: ni yale maji ya uvimbe yametoka, mwili wenyewe tutauona wiki zijazo. Nukta iko chini kabisa ya mstari. Ni mahali pake. Leo kikombe alikishika kwa mikono miwili, hakutaka nimsaidie.

Neema nimemwachisha tangu Jumatatu. Amelia siku mbili. Leo kanywa uji.

Karani mpya ni Keji, binti wa shule, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Nilikuwa nakoroga sufuria, namtazama kwa pembeni. Mama mmoja mgeni kaleta mtoto mdogo sana, kimya, kichwa kikubwa. Mama akasema hajui miezi. Keji akaweka kalamu chini, akamuuliza wakati anajifungua, shambani kulikuwa na nini. Hakumtazama mtoto. Alingoja.