Sikio la Kushoto la Neema

Jumanne, Uru

Kesho asubuhi Neema anapasuliwa sikio la kushoto. Daktari alituonyesha kivimbe cheupe nyuma ya ngoma ya sikio. Amezaliwa nacho, na kikiachwa kitakula vifupa vya ndani. Hakuahidi kwamba atasikia vizuri. Nimefunga begi mara tatu, nikalifungua tena.

Miaka miwili mama mkwe analalamika kwamba mwanangu anadharau Kichaga kwa kuwa nilimlea mjini. Bibi yake anamwita kwa Kichaga, haitiki. Nami kwa aibu nilimchapa.

Leo bibi alileta mtori wa ndizi. Akahamisha kigoda chake kutoka kushoto anakokaa siku zote, akakaa kulia kwa Neema, akamwita kwa sauti yake ileile ya chini.

Neema akanigeukia. "Mama, mbona leo bibi anapaza sauti?"