Behewa la Babu Si Kabati Tena

Matilda na Crispin, wajukuu zangu,

Aliyeniambia ni Mama Evarista, jana tukichota maji: mabehewa ya mizigo ya wakati wa Mjerumani, kama hilo dogo analolichonga Babu, milango yake haikuwa na bawaba. Ilisukumwa kando, ikiteleza kwenye mfereji. Yeye aliwahi kuishi ndani ya moja kule Dodoma, mumewe akitengeneza reli. Mchanga ukijaa mlango unakwama, wanalala nje.

Maharage yapo jikoni. ~~Babu msimpe.~~ Mpeni, tena mengi.

Leo asubuhi nilimwambia, akanijibu, "Mama Saulo, tangu lini umekuwa fundi wa treni?" Iliniuma. Nikamuuliza, "Na mwaka jana kwenye maonyesho ya misheni, nani aliambiwa behewa lake ni kabati?" Baadaye akang'oa bawaba, akachonga mfereji, mlango ukateleza kama umepakwa mafuta. Akawa anaufungua na kuufunga, anacheka peke yake.

Nalipeleka misheni mwenyewe, kichwani, watu walione. Mwaka huu kabati wakalitafute kwingine.

Kuku wafungieni mapema. Mkiingia punguzeni kelele. Nimemtoa Babu patasi mkononi. Amelala palepale kitini.

Bibi yenu