Baruti Inayojaza Ganda

Lewistown, Montana
9 Septemba 1984

Binti yangu Ardis,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo huko Spokane na kazi inakwenda. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi za ghala. Mdogo wako Lyle hajambo, bado anaishi ng'ambo ya kijito na bado anakuja kula kwangu Jumapili.

Najua ni miaka kumi na moja tunatumiana kadi za Krismasi tu. Leo nina shida ya bunduki, na sina mwingine wa kumwuliza. Jirani yetu Mzee Haugen amefariki, ameniachia bunduki yake, pacha kabisa wa ile ya babu yako iliyompasukia Lyle. Ni ya mwaka 1902. Risasi zake hazitengenezwi tena kiwandani, lazima nijaze mwenyewe. Maganda pekee niliyo nayo ni ya zile risasi kumi na saba ulizojaza wewe, zilizobaki kwenye boksi. Nataka kuzifungua niyatumie.

Mwenye duka ameniuzia vichwa vya risasi vilivyochongoka, anasema baruti yoyote inayoungua kwa kasi itafaa, kidogo tu. Wewe unasemaje?

Baba yako

*

Spokane
20 Septemba 1984

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Pole na goti.

Vichwa vilivyochongoka mrudishie mwenyewe. Kwenye bunduki ile risasi hupangana kwa mstari ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, ncha ya moja inagusa fataki ya iliyo mbele yake, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Bunduki ikitikisika tu, zitalipukia humo humo. Tafuta vyenye ncha bapa, vizito, vya madini laini. Chuma cha mwaka 1902 hakipendi kusukumwa kwa nguvu.

Baruti chukua inayoungua polepole, ile inayojaza ganda mpaka karibu na kitako cha kichwa. Ya kasi inatosha kijiko kidogo, ganda linabaki nusu tupu. Ukisahau ukamimina mara ya pili, huoni chochote. Ya polepole ukiirudia inamwagika mezani, unajua papo hapo kwamba umekosea.

Ndiyo niliyojazia risasi zile. Nilikueleza hivyo hivyo kwenye korido ya hospitali. Ulinijibu niondoke kabla Lyle hajazinduka.

Ukizifungua, pima kila moja.

Binti yako,
Ardis

*

Lewistown
2 Oktoba 1984

Mwanangu Ardis,

Nakuamkia, ingawa sistahili hata hilo. Sina la kusema kuhusu afya.

Nimezifungua zote kumi na saba jana mchana. Kumi na nne ni zako, ganda limejaa, uzito hautofautiani hata punje. Tatu zilizobaki hazikufanana. Ndani zilikuwa na baruti ya vigae vidogo vyeusi, ile ya kasi ambayo Lyle alikuwa akijazia bastola yake. Mbili zilikuwa na kipimo kimoja. Ya tatu ilikuwa na viwili.

Nilipima mara nne. Kisha nikaiweka baruti ile kwenye karatasi, nikavuka kijito bila koti.

Lyle alikuwa anapasua kuni kwa ule mkono wenye vidole vitatu. Nikafunua karatasi.

"Nani alijaza hii?"

Akaitazama kwa jicho lake moja. "Mimi, mzee. Asubuhi ile. Boksi lilikuwa limepungua, nikajazia tano. Dada alikuwa kazini."

"Mbona ulisema ni za Ardis?"

"Ulikuja ukaniuliza, 'Ni Ardis kakufanya hivi?' Nilikuwa nimefungwa bendeji macho yote mawili. Nikasema ndiyo. Nilidhani nakufa. Halafu sikufa, na wewe ulikuwa umeshamfukuza."

"Miaka kumi na moja, Lyle."

"Najua ni mingapi."

Nikakaa kwenye gogo lake. Sikumpiga, sikumtukana. Nilikuwa nikimfikiria mama yako, tulivyomzika wewe umesimama nje ya uzio wa makaburi kwa sababu mimi nilisema usiingie. Alikufa akiamini nilichoamini mimi.

Niambie unachotaka nifanye, nitafanya.

Baba yako

*

Lewistown
3 Novemba 1984

Ardis mwanangu,

Mwezi umepita sijapata jibu. Nimepiga simu, hupokei. Sikulaumu.

Naandika kwa sababu Lyle hayupo. Alhamisi nilikuta mlango wake wazi, jiko limepoa, gari halipo. Hakuchukua nguo. Hakuaga mtu. Nimezunguka mpaka mji wa Grass Range, nimemwuliza kila mtu. Nina hofu amejidhuru, nami ndiye niliyemwambia sitaki kumwona Jumapili.

Kama umesikia lolote, neno moja linatosha.

Baba yako

*

Spokane
4 Novemba 1984

Baba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima.

Barua yako ya Oktoba niliisoma jikoni nimesimama. Unajua kilichoniumiza zaidi? Hesabu yangu nilikuwa naijua. Nilijua baruti ile haiingii mara mbili. Na bado, mwaka baada ya mwaka, niliamini nimemtoa mdogo wangu jicho. Niliacha hata kupima sukari ya keki, namwachia mwingine apime.

Jana mchana mlango uligongwa. Alikuwa Lyle, amevaa shati tu kwenye theluji. Sikumtambua haraka. Akasema, "Dada, barua ya mzee haitoshi. Nimekuja kusema mwenyewe."

Nikafunga mlango. Nilisimama nyuma ya mlango nikisikiliza kama ataondoka. Hakuondoka. Kulikuwa na baridi ya kuua mtu, nikafungua.

Alisema aliyokuja kusema. Nikampa supu, akanywa, akalala kwenye kochi na viatu vyake, mpaka sasa hajaamka.

Sijamsamehe, baba, na wewe pia sijakusamehe. Naandika ili ujue alipo, usihangaike kumtafuta.

Binti yako,
Ardis