Mimi na Mwigizaji wa Marekani

Bankstown, Jumatano, Agosti 2021

Bila mimi darasa zima la Aline lisingejua jukwaa ni kitu gani. Shule zimefungwa kwa korona, kwa hiyo leo mpwa wangu alisoma kazi yake kwenye Zoom: maisha ya mwigizaji mmoja wa Marekani, mwanamke wa miaka mia iliyopita. Huyo mama alizunguka miji kwa treni na michezo yake, na wa viti vya nyuma walimsikia bila maikrofoni, mpaka sinema zilipokuja watu wakamsahau.

Aline alisoma kama anayenong'ona. Nikaingia kwenye kamera.

"Toa sauti tumboni, mama. Mimi nilikuwa star kule kambi ya wakimbizi, watu elfu mbili bila spika."

Akarudia, sauti ikajaa nyumba. Mwalimu akafurahi, akaniomba Ijumaa niwasimulie wanafunzi uigizaji wangu. Nikakubali palepale.

Aline akafunga laptop. "Mjomba, please, usiniaibishe mbele ya darasa. Ulicheza kama nani?"

"Mtu mkubwa," nikasema.

Ijumaa nitang'ara, najijua. Ila kule kambini, katika mchezo wa kufundisha watu kujikinga na malaria, nilicheza maiti, usingizi ukanichukua, nikakoroma mpaka wafiwa wakacheka.